Saa ya Tarakilishi na Shahidi wa Uongo

Leo tuweke kando kidogo lugha za programu na hifadhidata, tuongee kuhusu kitu kidogo ambacho kila tarakilishi inacho na ambacho watu wachache hukitazama mara mbili: saa. Ile ile iliyo pembeni mwa skrini yako.

Nitaongea pia kuhusu imani. Mimi ni Mkristo na ni mwandishi wa programu, na hayo mawili hayakai katika vyumba tofauti. Kama wewe si Mkristo, karibu vile vile, keti. Mambo ya saa yatakufaa hata kama hayo mengine utayapita.

Mtu akisoma Injili ataona kwamba Yesu hakufundisha kwa maneno makubwa ya wasomi. Alichukua vitu vya jikoni, shambani na ufuoni: chachu, mbegu ya haradali, taa, wavu wa samaki, sarafu iliyopotea ndani ya nyumba. Waliomsikiliza walirudi makwao wakavikuta vitu hivyo vikiwangoja. Mama aliyesikia mfano wa chachu alikanda unga siku iliyofuata, na nadhani mikono yake ilimkumbusha. Basi nami hujiuliza: sisi tunaoshinda mbele ya skrini, ni vitu gani vinatungoja?

Tena sisi tunaoongea Kiswahili tuna bahati katika jambo la saa. Tukisoma Mathayo 20 kwamba mwenye shamba aliwaajiri vibarua wengine saa kumi na moja, hatuhitaji maelezo chini ya ukurasa. Jua linakaribia kuzama, imebaki kama saa moja ya kazi. Marko anapotaja giza la saa sita hadi saa tisa, tunajua ni adhuhuri hadi alasiri. Msomaji wa Kiingereza asipoelezwa anaweza kudhani "saa ya sita" ni alfajiri. Hesabu yetu ya mchana na ile ya watu wa Biblia zote zinaanza jua linapochomoza. Haya basi, tuingie ndani ya mashine.

Kila saa hupotea

Ndani ya tarakilishi kuna fuwele ndogo ya kwatsi. Ukiipitishia umeme hutetemeka, na ile ya saa imekatwa ili itetemeke mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ukiigawanya kwa mbili mara 15 unapata 1, na kugawanya kwa mbili ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwa sakiti ya dijitali. Sakiti inahesabu mitetemo, ikitimia 32,768 inaongeza sekunde moja. Ni hivyo tu.

Lakini hakuna fuwele iliyokatwa sawasawa kabisa. Joto huibadilisha, na umri huibadilisha pia. Fuwele ya kawaida inaweza kukosea sehemu 20 katika kila milioni. Unaweza kusema hiyo si kitu! Piga hesabu: siku moja ina sekunde 86,400, kwa hivyo kosa hilo ni kama sekunde 1.7 kwa siku, yaani karibu sekunde 52 kwa mwezi. Iache mwaka mzima bila kuiangalia, na saa yako itakuwa imepotea kwa dakika kumi.

Jambo ninalotaka ulione hapa ni hili. Saa hiyo haijafanya ubaya wowote. Haijadanganya mtu. Imehesabu kila mtetemo kwa uaminifu. Na kwa sababu inajipima kwa mitetemo yake yenyewe, haina njia yoyote ya kujua kutoka ndani kwamba imepotea. Kwake yeye kila sekunde ni sekunde kamili.

Kuna tatizo lingine kubwa zaidi. Tarakilishi ikizimwa, saa huendelea kwa nguvu za betri ndogo ya duara kwenye bodi kuu. Katika mashine nyingi za mezani ni ile inayoitwa CR2032, ya volti 3. Hudumu miaka kadhaa. Ikifa, na ukichomoa waya ukutani, saa husahau kila kitu. Ukiwasha tena, tarehe imerudi kwenye siku ambayo watengenezaji waliiweka, pengine miaka mingi iliyopita. Wengi wetu tunaotumia mashine za mitumba tumeliona hili.

Jinsi mashine zinavyoulizana wakati

Dawa ya saa kupotea ni kuilinganisha na kitu kilicho nje yake. Kwenye intaneti kazi hiyo hufanywa na itifaki iitwayo NTP. Aliyeibuni ni David Mills, profesa wa Chuo Kikuu cha Delaware huko Marekani. Maelezo yake ya kwanza rasmi yalitoka mwaka 1985. Mzee huyu alikuwa na ugonjwa wa macho tangu utotoni na mwishowe akawa kipofu, lakini aliendelea na kazi yake ya saa. Alifariki Januari 2024. Tarakilishi nyingi sana duniani zinajua saa ngapi kwa sababu ya kazi yake.

NTP hupanga saa kwa matabaka. Tabaka 0 ni chanzo chenyewe: saa za atomiki, au setilaiti za GPS ambazo hubeba saa za atomiki. Tangu 1967 sekunde moja huhesabiwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sizi, kwa hivyo hapo ndipo wakati unapopimwa kwelikweli. Seva iliyounganishwa moja kwa moja na chanzo hicho ni tabaka la 1. Inayomuuliza wa 1 ni ya 2, na kuendelea hadi 15. Ikisema 16, maana yake ni "mimi sijalinganishwa na mtu, usiniamini."

Napenda sana mpango huu. Kila seva inatoa wakati, na papo hapo inatangaza iko umbali gani kutoka kwa chanzo. Hakuna inayojifanya chanzo. Hunikumbusha Yohana Mbatizaji katika Yohana 1, walipomtumia watu kumuuliza yeye ni nani. Jambo la kwanza alilowaeleza ni yule ambaye yeye siye. Mhubiri mzuri, mzazi mzuri na mwalimu mzuri hufanya vivyo hivyo: anakupa alichopokea na hakufichi kwamba alikipokea.

Chama kilichokaribia kuvunjika

Sasa niwape kisa, maana mambo haya yalikuja kunishika mkononi mwaka 2018.

Katika kanisa moja viungani mwa Nakuru kulikuwa na chama cha akiba cha watu 23. Mweka hazina alikuwa mama mmoja wa makamo, mjane, ambaye alijifunza kutumia tarakilishi akiwa mtu mzima kabisa. Michango mingi ilitumwa kwake kwa M-Pesa, mingine ililetwa taslimu, naye alipeleka yote benki na kuandika kila kitu kwenye mashine kuukuu ya ofisi ya kanisa. Ofisi haikuwa na intaneti. Kila jioni swichi ya ukutani ilizimwa ili tokeni za stima zisiishe upesi.

Siku moja kijana mmoja wa chama, mwanafunzi wa kozi ya tarakilishi, alifungua faili za hesabu akaangalia tarehe zake. Akashtuka. Faili ya michango ya Agosti 2017 ilionyesha kwamba ilihifadhiwa Januari 2009. Ile ya Septemba ilikuwa na tarehe sahihi. Ya Oktoba ikarudi 2009, miaka saba kabla ya chama kuanzishwa! Akahitimisha kwamba hesabu zilitungwa mahali pengine na kuletwa pale. Kufikia Jumapili, watu watano walikuwa wakisema waziwazi kwamba mama huyo ni mwizi. Mkutano uliitishwa. Ajenda ilikuwa kumwondoa na kulipeleka jambo kwa chifu.

Mchungaji alinipigia simu. "Njoo utuangalilie hiyo mashine," alisema, "ili tusimhukumu mtu bure. Na kama ni kweli, tujue ni kweli."

Nilifika Jumamosi saa nane. Mama alikuwa ameketi karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuambiwa aende. Nikawaomba wote wasogee karibu na skrini. Nikazima mashine, nikachomoa waya, tukangoja dakika chache, nikawasha. Skrini ikaleta onyo kwamba mipangilio imepotea. Tukaendelea hadi ndani, nikawaonyesha tarehe: 1 Januari 2009.

Kukawa kimya. Betri ilikuwa imekufa. Siku ambazo mama aliona tarehe ni mbaya aliirekebisha kwa mkono, na siku ambazo hakuona, mashine iliandika 2009 bila kusita.

Mnaweza kudhani kisa kimeishia hapo. Hapana! Betri mbovu inaeleza tarehe mbovu, lakini haithibitishi kwamba pesa zipo. Mtu anaweza kuwa na betri iliyokufa na bado awe mwizi. Kama tungefunga mkutano pale, shaka ingebaki ikinong'onezwa kwa miaka.

Basi nikauliza swali lingine. Nyinyi watano mlijuaje? Wa kwanza akasema ameonyeshwa na kijana. Wa pili aliambiwa na wa kwanza. Wa tatu naye aliambiwa na kijana. Wote watano, ukiwafuata nyuma, walitoka kwa mtu mmoja aliyetazama kitu kimoja. Tulidhani tuna mashahidi watano. Tulikuwa na mmoja, na shahidi huyo alitegemea saa iliyokufa.

Shahidi mmoja hatoshi

Wale wanaosimamia seva wanalijua jambo hili vizuri. Ukiipa tarakilishi yako seva moja tu ya wakati, itaiamini hata ikipotea. Ukiipa mbili na zisikubaliane, haitajua iamini ipi. Ukiipa tatu, mbili zinaweza kumshinda mmoja aliyepotea. Ndiyo maana wataalamu wengi hushauri nne, ili moja ikinyamaza bado zibaki tatu. NTP hata ina jina maalumu kwa saa inayotoa wakati usiolingana na wenzake, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa kama "saa ya uongo". Na wanaonya: seva nne ambazo zote zinamuuliza mkubwa mmoja si mashahidi wanne. Akipotea yeye, zote zinapotea pamoja naye, tena zikikubaliana vizuri kabisa.

Kumbukumbu la Torati 19 lilishaweka sheria hiyo zamani: mtu asihukumiwe kwa neno la shahidi mmoja, wapatikane wawili au watatu. Yesu aliirudia katika Mathayo 18 alipoeleza jinsi ya kusuluhisha ugomvi kati ya ndugu. Wakatoliki wanakijua pia kisa cha Susana, Danieli 13. Wazee wawili walimshtaki mwanamke asiye na hatia, na watu wakawaamini kwa kuwa walikuwa wawili na wenye heshima. Danieli aliwatenganisha tu, akamuuliza kila mmoja peke yake jambo lile lile kuhusu mti. Majibu hayakulingana. Na Yesu mwenyewe aliposhtakiwa, Marko 14 inaeleza kwamba mashahidi walikuwa wengi lakini ushuhuda wao haukupatana. Wingi wa wasemaji si wingi wa ushahidi.

Kwa hivyo tukatafuta mashahidi wasiojuana. Wa kwanza alikuwa simu za wanachama. Ujumbe wa M-Pesa hubeba namba ya muamala, kiasi, tarehe na saa, na tarehe hiyo iliyoandikwa ndani ya ujumbe hutoka kwenye mitambo ya kampuni, si kwenye mashine ya ofisi ya kanisa. Wa pili alikuwa stakabadhi za benki zenye mihuri. Wa tatu alikuwa daftari la karatasi ambalo mama aliandika waliolipa taslimu, kila mmoja na sahihi yake.

Miezi 14, watu 23, michango 322. Mmoja alisoma kutoka kwa simu, mwingine alitazama daftari, mwingine alishika stakabadhi. Michango mitatu haikuonekana kwenye simu kwa sababu mwenyewe alikuwa amebadilisha simu. Tukaitafuta benki, ipo. Jua lilikuwa limezama tulipomaliza. Jumla ililingana hadi shilingi ya mwisho.

Mama hakushangilia. Alifunga daftari lake polepole akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nilikuwa nimeshaanza kujishuku mwenyewe."

Neno hilo sijalisahau. Hata mtu mwaminifu, akiambiwa na wengi kwamba amepotea, hana namna ya kujithibitisha kwa kuangalia ndani peke yake. Dhamiri njema ni kitu kizuri, lakini hata Paulo katika 1 Wakorintho 4 anakiri kwamba kutojua kosa lolote ndani yake hakutoshi kumhesabia haki, na kwamba anayemhukumu ni Bwana. Mama alihitaji kipimo kilicho nje yake. Wale watano pia walikihitaji, tena zaidi, kwa kuwa wao hawakuwa na shaka hata kidogo.

Kurekebisha bila kuvunja

Bado kulikuwa na kijana. Watu wale wale waliomfuata asubuhi sasa walimgeukia. Mmoja akataka aombe msamaha amepiga magoti.

Hapa nirudi kwa NTP kidogo. Saa ikiwa imepotea kwa muda mdogo, chini ya milisekunde 128, programu ya NTP hairuki kuirudisha mara moja. Huivuta polepole, si zaidi ya nusu milisekunde kwa kila sekunde. Kwa nini? Kwa sababu wakati ukirudi nyuma ghafla, programu nyingine zinachanganyikiwa. Hifadhidata inaweza kuona risiti iliyotolewa kabla ya malipo. Unaweza kuirekebisha saa na papo hapo ukaharibu kila kinachoitegemea. Kosa likiwa kubwa zaidi, hapo ndipo inaruka. Na likizidi sekunde 1,000, kwa kawaida programu hukataa kuendelea hadi binadamu aje aangalie.

Mama huyo hajui NTP ni nini. Lakini alisimama akasema, "Kijana huyu ana macho makali, na mimi sikuwa na mtu wa kuniangalia. Kuanzia mwezi ujao tutaandika hesabu pamoja, yeye na mimi." Kijana aliomba msamaha kwa sauti yake mwenyewe, akiwa amesimama. Wagalatia 6 inashauri kwamba mtu aliyeghafilika arejezwe kwa upole, na anayemrejeza ajiangalie naye. Nimeisoma mara nyingi. Siku hiyo niliiona ikitendeka kando ya mashine ya mitumba.

Betri mpya ilikuwa rahisi kuliko nauli yangu ya kwenda na kurudi.

Mambo ya kufanya leo

Kwanza, angalia saa ya tarakilishi yako. Nenda kwenye mipangilio ya tarehe na uhakikishe imewekwa ijirekebishe yenyewe kupitia intaneti, na kwamba eneo la saa ni Nairobi. Unaosimamia seva, weka vyanzo vinne. Mradi wa pool.ntp.org, unaoendeshwa na watu wa kujitolea tangu 2003, hutoa seva hizo bure.

Pili, kivinjari chako kikianza ghafla kukataa kila tovuti salama kikisema vyeti si halali, usikimbilie kulaumu virusi. Tazama tarehe kwanza. Cheti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha, na mashine inayodhani ni 2009 itakiona cheti cha kweli kuwa batili.

Tatu, kama mashine ya ofisi au ya kanisa haina intaneti, badilisha ile betri mapema, na mtu azoee kusoma tarehe kila asubuhi kabla ya kuandika chochote.

Na kwa ndugu zangu katika imani: NTP huanza kwa kuuliza kila baada ya sekunde 64, na saa ikitulia hupunguza hadi kila sekunde 1,024, yaani kama dakika 17. Inapunguza, lakini haiachi kamwe. Haiulizi kwa sababu saa ni mbaya. Inauliza kwa sababu kila saa hupotea, hata iliyo nzuri. Ndivyo ninavyouelewa sasa wakati wangu wa sala na wa kusoma Neno. Na wiki hii ukisikia watu watano wakisema jambo baya kuhusu mtu mmoja, kabla hujawa wa sita, waulize: nyinyi mlijuaje?

Mungu awabariki.